Kabla hujaenda chuoni kusomea michezo na huduma ya Injili uwanjani

Kila matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, vijana wawili watatu wa kanisani kwetu Mikindani, Mombasa, hunijia na swali moja: wanataka kusomea michezo, mazoezi ya viungo na huduma ya Kikristo kwa wanamichezo, waanzie wapi? Huwa sianzi na fomu. Huwauliza, "Ni watoto gani wanakungoja uwanjani Jumamosi hii?" Asiye na jibu namwomba akae mwaka mmoja na timu ya watoto kwanza. Chuoni atafundishwa habari za goti, za moyo na za hofu ya mtoto, na mtu ambaye hajawahi kumbeba mtoto aliyeteguka goti atayakariri tu hayo yote kwa ajili ya mtihani.

Jambo la pili linawashtua wengi: kozi hii ni sayansi. Anayekwenda akitarajia mpira na pambio atakutana na mifupa 206, kano, mapafu, na jinsi misuli inavyopata nguvu zake. Kwa hiyo daftari lako la bayolojia usiligawe bado.

Nitoe mfano wa hapa nyumbani. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ule ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Siku hiyo alijitoa mzunguko wa mwisho, na dhahabu ikaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Sisi tunaoishi na kaskazi tunaijua hewa ya Machi. Mwili hupoa jasho linapokauka, na hewa ikishashiba unyevu jasho hutiririka bure, joto linabaki ndani. Ikiwa bingwa wa dunia alishindwa, mtoto wa miaka kumi aliyekula mahamri asubuhi na hajanywa maji tangu hapo atakuwaje saa nane mchana?

Nauliza kwa sababu niliwahi kuwapanga watoto saa hiyo, mwezi wa Februari, kwa kuwa uwanja ulikuwa wazi wakati huo tu. Mmoja akaanguka. Mungu alimhifadhi, lakini mimi sikujua la kufanya zaidi ya kupepea na kuomba. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba mtu aliyezidiwa na joto hadi anaweweseka hupozwa hapo hapo, kivulini, kwa maji mengi mwili mzima, huku msaada ukiitwa. Kumkimbiza kwenye tuktuk akiwa bado anaungua ni kupoteza dakika zake. Basi usingoje chuo kwa hili. Fanya mafunzo ya huduma ya kwanza sasa, ujue pia kumbonyeza kifua mtu asiyepumua, mara 30 kwa pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka mikono ifanye yenyewe.

Mwili wako nao uandae. Muone daktari akupime presha na moyo, kisha jenga pumzi taratibu kwa miezi mitatu; kukimbia kilomita kumi wiki ya mwisho kutakuumiza tu. Na ujifunze kuogelea. Wapo vijana wengi waliokulia hapa pwani ambao maji ya kiunoni yanawatisha, na kozi nyingi za michezo zina kipindi cha kuogelea.

Sasa huduma yenyewe. Kuchanganya michezo na imani si jambo jipya. James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891, alikuwa amesomea theolojia kabla ya kufundisha mazoezi kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana Wakristo, huko Springfield, Marekani. Mchezo wanaotuchezea kina dada wa KPA, timu ya mamlaka ya bandari, pale Makande ulizaliwa mikononi mwa mtu wa namna hiyo. Lakini Springfield si Mombasa. Hapa nusu ya timu yako itakuwa watoto wa Kiislamu, na wazazi wao wana haki ya kukuuliza nia yako.

Mama mmoja wa Majengo alinijia hivi: "Mwalimu, niambie kweli. Mwanangu yuaja kufunzwa mpira au kubadilishwa dini?" Nikamjibu, "Mama, aja kufunzwa mpira. Sisi ni watu wa kanisa, na kabla ya mazoezi twaomba. Mwanao asipotaka kusimama nasi akae kando, na namba yake haipotei." Alimruhusu. Mwezi wa Ramadhani tulisogeza mazoezi yakawa baada ya futari, na yeye ndiye aliyetuletea kaimati. Jibu lako kwa mama kama huyu liandae kabla ya kuomba nafasi chuoni. Ukiliona gumu, au likikutaka ufiche kitu, zungumza na mchungaji wako kwanza. Mimi naamini Injili haihitaji chambo. Mtoto akigundua kuwa mpira ulikuwa chambo, hatakuamini tena wewe wala uliyemhubiri.

Jipime pia kuhusu Jumapili. Mechi nyingi za mtaani huchezwa siku hiyo. Eric Liddell alikataa kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili, akakimbia mita 400 na kushinda kwa sekunde 47.6, kisha akaenda China kuwa mmishonari. Si lazima ufuate uamuzi wake, ila ujue wako na sababu yake.

Karatasi zisikuchoshe. Diploma kwa kawaida hutaka wastani wa C- katika mtihani wa kidato cha nne, shahada C+. Hakikisha chuo kimesajiliwa na mamlaka za serikali, yaani TVETA kwa vyuo vya ufundi na diploma, au CUE kwa vyuo vikuu, na uulizie kama kozi hiyo inapata mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Cheti cha tabia njema cha polisi kiombe mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana utafanya kazi na watoto. Na uliza chuo kina kanuni gani za kuwalinda watoto. Wakikujibu kwa kubabaika, tafuta kwingine.

Pesa tuseme wazi: makanisa mengi hayatakulipa mshahara. Paulo alipokuwa Korintho alishona mahema. Hema lako laweza kuwa jimu ya hoteli Nyali au Diani, au kufundisha michezo shuleni, kwa hiyo upande wa mazoezi ya viungo usiuchukulie kama nyongeza.

La mwisho ni wale watoto wa Jumamosi. Kabla hujafunga begi, tafuta mtu wa kuwashika, umkabidhi mipira, filimbi, namba za simu za wazazi, na jina la yule mwenye pumu. Msimamie wiki tatu nne ukiwa bado upo. Kuaga nako kufanye mwenyewe, uwanjani, kabla ya mechi kuanza, ili wakuulize utarudi lini.