Dereva wa lori Marekani unayeenda kupanda milima ya Peru, soma hii kabla hujanywa chai

Ndugu zangu mnaoendesha malori huku Marekani, na yeyote anayepimwa mkojo kazini, kama mnapanga zile siku tatu za kutembea vijiji vya Wakechua, wenyeji wa milima, kule Lares karibu na Cusco, msinywe chai ya koka, majani yale yanayotengenezewa kokeini. Hata kikombe kimoja.

Mimi nilikunywa. Nilitua Cusco, mji uko kama mita 3,400, kichwa kinagonga, na pale mapokezi hotelini kuna birika la maji moto na bakuli la majani makavu. Yule mama akaniwekea majani kwenye kikombe kwa roho safi kabisa, maana Peru ni halali na karibu kila mtu anakunywa. Basi nikanywa asubuhi na jioni, njiani nikatafuna, nikarudi Jumapili. Jumatatu dispacha, yule anayetupangia safari, ananiambia pitia kliniki, kipimo cha kushtukiza. Majibu yakatoka kokeini.

Nikamweleza daktari anayehakiki majibu, tiketi nikamwonyesha, picha nikamwonyesha. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akanisomea kanuni: wizara ya uchukuzi imeitaja chai ya koka kabisa, daktari haruhusiwi kuikubali kama sababu. Imeandikwa! Siku hiyo hiyo nikashushwa kwenye lori, jina likaingia Clearinghouse, ile rejista ya serikali ya madereva waliokutwa na makosa ya dawa za kulevya au pombe, na linakaa humo miaka 5 au mpaka umalize masharti yote, lile litakalochelewa zaidi. Unapelekwa kwa mtaalamu wa uraibu, unapimwa tena huku mtu amesimama anakuangalia ukikojoa, baba mzima na watoto wako, kisha vipimo visivyopungua 6 ndani ya miezi 12 ya kwanza. Nyumbani ungetuma mzee akuombee. Huku hakuna mzee, kuna karatasi, na mimi naona Wamarekani wanaiamini karatasi hata pale wanapoona machoni mwako kwamba husemi uongo.

Sisi Wakenya tulipaswa kulijua hili kuliko watu wote. Miraa Meru ni heshima ya mgeni, ingia nayo Marekani uone. Koka ni hivyo hivyo. Na wewe binamu unayeagiza "majani kidogo tu ya sukari ya mama", hapana, nakupenda lakini hapana, forodha hawajui mama ni nani.

Mengine ni mepesi. Viza uliza ubalozi mapema, kadi ya njano mnaijua, Lares haihitaji kile kibali cha kugombania cha Inca Trail, ile njia maarufu ya miguu kwenda Machu Picchu, na nenda kati ya Mei na Septemba mvua zikiwa zimekata.

Mjomba wa Nanyuki aliniambia mtoto wa Mlima Kenya hawezi kushindwa na milima. Mjomba, nimekaa miaka kumi na moja kwenye tambarare za Texas, mapafu hayakumbuki kwetu. Ukitoka Cusco shuka ulale Ollantaytambo, mita 2,800, usiku mbili, maana huko mbele kuna kupita zaidi ya mita 4,400. Muulize daktari wako kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kabla ya safari, na hotelini omba chai ya muña, mnanaa wa milimani, ina harufu nzuri na haikufukuzishi kazi.

Kijijini Huacahuasi mzee mmoja alifungua kifuko chake cha kufuma, akachagua majani matatu mazima, akayapanga kama kipepeo, akayapulizia kuelekea mlimani na kunipa. Ukikataa unamvunjia heshima. Pokea kwa mikono miwili, pulizia kama yeye, halafu yaweke chini ya jiwe, wenyewe hufanya hivyo kuipa ardhi, wanaiita Pachamama. Usitie mdomoni, usitie mfukoni. Sema *sulpayki*, yaani asante, utaona anavyocheka.

Na zile pipi za koka za madukani ni majani yale yale, ziache hapo hapo. Mama mnunulie shali ya alpaka kwa wale akina mama wanaofuma wamekaa chini, uzi umefungwa kiunoni, bei wanakuambia wenyewe.