Kusema "nataka UFANYE" kwa Kijapani: -te hoshii hatua kwa hatua

Watu wengi wakishaijua -tai (tabetai nataka kula, ikitai nataka kwenda, nomitai nataka kunywa) wanaona habari ya kutaka imeisha. Haijaisha bado. -tai ni ya kitendo unachofanya wewe mwenyewe, basi. Ukitaka mwingine ndo afanye, mama aje, mwenzako anyamaze, mvua ikatike, unahamia kwenye -te hoshii (てほしい). Sisi wa Kiswahili tunanasa hapa kwa sababu kwetu "nataka" inabaki ileile, nataka kuja, nataka uje, kinachobadilika ni kitenzi kinachofuata, ila Mjapani anabadilisha kile kipande cha kutaka chenyewe. Kwa hiyo ukimwambia rafiki yako wa Osaka "kitai" ukimaanisha aje Dar, yeye kasikia wewe mwenyewe ndo unataka kuja, sio yeye.

Swali la kujiuliza kila mara kabla hujafungua mdomo: hiki kitenzi anakifanya nani? Ukilishika hilo mengine yote yanafuata.

Hatua ya 1: pata umbo la te (kitenzi kikiishia -te au -de)

Kama halijakaa kichwani rudi ukalisome kwanza, huku utapotea tu. Fasta fasta: taberu inakuwa tabete, kaku kaite, isogu isoide, hanasu hanashite, matsu na kaeru zinakuwa matte na kaette, yomu na yobu zote mbili yonde, af wale wakorofi: iku ni itte, suru ni shite, kuru ni kite. Ukishapata hapo bandika hoshii mbele. Matte hoshii, nataka usubiri. Ukitaka adabu kidogo ongeza desu.

Hoshii yenyewe ni kivumishi cha -i, sio kitenzi, kwa hiyo inanyambulika kama takai au samui: hoshikunai ikikanusha, hoshikatta ikiwa imepita. Hiyo ya wakati uliopita kuwa nayo makini. "Denwa shite hoshikatta" maana yake ungenipigia simu bwana, na hukupiga. Ni lawama hiyo, hata ukiisema kwa sauti ya upole.

Hatua ya 2: anayetakiwa kufanya anapewa "ni"

Haha ni kite hoshii. Nataka mama aje. Sentensi nzima ni "Watashi wa haha ni Nihon e kite hoshii desu", ila "watashi wa" kwenye maongezi inaangushwa karibu kila mara, inajulikana anayetaka ni wewe. Hapo nimeweka Nihon E badala ya Nihon NI makusudi, sio kwamba kuweka "ni" mbili ni kosa, ila zikifuatana masikio yanachoka.

Kama ni kitu ambacho hakuna mtu wa kukiamua, mvua, joto, likizo, hapo tumia ga: ame ga yande hoshii, natamani mvua iache. Hayaku natsuyasumi ga kite hoshii, likizo ya kiangazi ije haraka.

Hatua ya 3: kutaka mtu ASIFANYE

Njia ziko mbili na hazina uzito sawa. Ya kwanza unakanusha kitenzi: iwanaide hoshii, naomba usiseme. Ya pili unakanusha hoshii: itte hoshikunai, sipendi useme (itte hapa ni ya iu, kusema, sio ya iku). Ya kwanza inaelekea kwenye ombi, unamwambia mtu usoni na anaelewa afanye nini. Ya pili inatoa hisia zako, na mara nyingi ina kaukali ndani yake, hasa kama mtu keshaanza kulifanya hilo jambo. Ukiwa huna uhakika nenda na -naide hoshii.

Hatua ya 4: usimpelekee bosi wala mwalimu -te hoshii

Hapa ndo pa kukaa. Kisarufi "sensei, mite hoshii desu" (mwalimu, nataka uangalie) haina shida, ila kwa mtu wa juu yako inasikika kama mtoto anadai. Panda ngazi hivi:

mite hoshii: rafiki, ndugu, mpenzi
mite moraitai: karibu sawa, ila ndani yake kuna wazo la kufanyiwa fadhila
mite itadakitai: mwalimu, bosi, mteja

Umeona -tai imerudi? Ni kwa sababu morau na itadaku ni kupokea, na anayepokea ni wewe. Unachosema hasa ni "natamani kupokea fadhila ya wewe kuangalia". Ndo maana pia hakuna kitu kinaitwa "mite kuretai", kureru ni ya yule anayetoa, huwezi kumtakia kwa -tai, ingawa utaikuta kwenye madaftari ya wanafunzi kibao.

Alafu hata itadakitai desu ukiiacha kavu bado inasukuma. Malizia na n desu ga:

Sensei, kono sakubun o mite itadakitai n desu ga...

Mwalimu, nilikuwa naomba uniangalizie hii insha... Ile ga ya mwisho (sio ile ya mvua) ni kama "lakini" ambayo huimalizii, unaiacha inaning'inia na unanyamaza, na yeye ndo anajaza: ii desu yo (sawa), au leo nimebanwa. Usiharakishe kuongeza maneno, kule kunyamaza ni sehemu ya sentensi. Kwa rafiki mbinu ni hiyohiyo ikiwa imevua viatu: tetsudatte hoshii n da kedo... (nilitaka unisaidie...)

Kwenye meseji za kazini utakutana sana na -te itadakeru to tasukarimasu, ukinifanyia utakuwa umenisaidia. Ichukue kama ilivyo, inafanya kazi.

Na usimuulize mkubwa "nani o shite hoshii desu ka", unataka nifanye nini. Sema nani ka o-tetsudai shimashō ka, nikusaidie chochote?

Hatua ya 5: matakwa ya mtu mwingine

Moyo wa mtu Mjapani hausemei moja kwa moja. Mama akitaka uwe daktari: haha wa watashi ni isha ni natte hoshii to itte imasu, anasema anataka, au to omotte imasu kama unajua ndo mawazo yake.

Hatua ya 6: dua na matumaini

Isiyo na mtu wa kuombwa ina umbo lake, -masu yō ni. Gōkaku shimasu yō ni, nifaulu inshallah. Ndo utaiona kwenye ema, vibao vya mbao vya kuandikia dua mahekaluni, na kwenye vile vikaratasi vya sikukuu ya Tanabata, tarehe 7 mwezi wa 7. Kwa maongezi ya kawaida -to ii na inatosha: hareru to ii na, natumai jua litawaka.

Jaribu

Nataka mdogo wangu (wa kiume) asome kitabu hiki.
Bosi, naomba uhakiki hizi karatasi.
Naomba usimwambie Tanaka.

Majibu: Otōto ni kono hon o yonde hoshii. Buchō, kono shorui o kakunin shite itadakitai n desu ga. La tatu lina mtego, "Tanaka-san ni iwanaide hoshii" inaweza kueleweka pia kwamba Tanaka ndo asiseme, maana "ni" inabeba vyote viwili, anayetenda na anayeambiwa. Weka "wa": Tanaka-san ni wa iwanaide hoshii n desu ga, hapo mtu ataelewa kirahisi zaidi kwamba wengine sawa, ila Tanaka hapana.