Muuguzi Anayetaka Kufanya Kazi katika Mashirika ya Kibinadamu: Aanzie Wapi

Wauguzi wengi wanaotamani kazi katika mashirika ya kibinadamu huanza kwa kusaka matangazo ya ajira, ilhali la kwanza ni kuielewa kazi yenyewe, kwa kuwa katika kambi za wakimbizi uuguzi na afya ya jamii haviachani. Mei 2015, maelfu ya Warundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kipindupindu kililipuka katikati ya msongamano ule, maji safi na vyoo vikiwa haba. Katika hali kama hiyo dripu na ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari unaonywewa kwa maji) humwokoa mgonjwa aliyekwisha kulala kitandani, lakini wagonjwa wapya hawapungui mpaka maji yatiwe dawa, vyoo vichimbwe na watu waondolewe kwenye msongamano. Shirika linalokuajiri litataka muuguzi ambaye, akiona wagonjwa wa kuhara wanatoka mtaa mmoja wa kambi, anauliza habari za bomba la mtaa huo siku hiyohiyo.

Kwa hiyo jifunze viwango vya dharura vinavyofuatwa na mashirika hayo. Kila mtu anahitaji walau lita 15 za maji kwa siku, tundu moja la choo lisitumiwe na watu zaidi ya 20, na vifo vikifikia mtu mmoja kwa kila watu 10,000 kwa siku, hiyo ni dharura. Jizoeze pia vipimo vya mkono. Utepe wa kupima utapiamlo huzungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea na utepe usikazwe hadi ngozi ijikunje. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Usiishie hapo: bonyeza mgongo wa miguu yote miwili kwa dole gumba kwa sekunde tatu, kwani mtoto aliyevimba miguu kwa njaa anaweza kuonekana mnene, utepe ukamvusha, naye yumo hatarini.

Kuhusu sifa, anza na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha fanya kazi katika hospitali ya wilaya au kituo cha afya kwa walau miaka miwili, ukitafuta nafasi ya kuzunguka wodi ya watoto, wodi ya wazazi, idara ya dharura na kliniki ya chanjo. Kwa maoni yangu, kituo cha vijijini chenye upungufu wa watumishi kinakuandaa vizuri kuliko hospitali kubwa ya rufaa, kwa sababu huko utaagiza dawa, utasimamia wahudumu wa afya ya jamii na utaandika ripoti ya wiki. Katika wasifu wako yaandike hayo waziwazi: ulisimamia wangapi, ulichanja watoto wangapi, ulishiriki kudhibiti mlipuko gani.

Wakati huohuo jiunge na tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu nawe kama mtu wa kujitolea. Huko utazoea huduma ya kwanza, na pia utafundishwa kumhudumia kila mtu kwa kadiri ya mahitaji yake bila kuuliza yeye ni wa upande gani, sharti ambalo waajiri hawa hulipima kwa makini katika usaili.

Maombi ya kwanza yapeleke nchini mwako. Kambi ya Nyarugusu, Tanzania, imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996; nchini Kenya, Dadaab ilianza 1991 na Kakuma 1992. Wafanyakazi wengi wa afya katika kambi kama hizo ni wenyeji wa nchi husika, na wengi walioajiriwa kimataifa na Madaktari Wasio na Mipaka walianzia hapo. Kiswahili kitakufikisha mashariki ya Kongo, lakini Kifaransa ndicho kinachofungua Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti za mashirika yenyewe na kwenye ReliefWeb, tovuti ya Umoja wa Mataifa ya habari na ajira za kibinadamu. Anayekudai ada ya usaili ni tapeli.

Anayevutiwa zaidi na ufuatiliaji wa magonjwa kuliko wodi aangalie shahada ya uzamili ya epidemiolojia ya vitendo. Tanzania ilianza mafunzo hayo 2008 pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili.

Mikataba mingi ni mifupi na hutegemea fedha za wafadhili. Ukiwa mtumishi wa umma, omba likizo bila malipo na upate kibali kwa maandishi kabla ya kufikiria kuacha kazi.