Kupima goli na kujua bao limeingia: hatua ninazofuata kabla ya kipenga

Ninachezesha soka na kufundisha waamuzi wapya. Wengi huja wameshika sheria za faulo vizuri, lakini goli lenyewe hawajawahi kulipima. Anzia hapo.

Hatua ya 1: Pima. Goli la soka lina mita 7.32 kutoka ndani ya nguzo moja hadi ndani ya nyingine, na mita 2.44 kutoka ardhini hadi chini ya mtambaa panya. Huna tepu ndefu? Kata kamba ya mita 2.44: mara moja ni kimo, mara tatu ni upana. Kisha pima mshazari, kutoka chini ya nguzo moja hadi kona ya juu ya nguzo ya pili. Rudia upande wa pili. Vipimo vyote viwili vinatakiwa kukaribia mita 7.72. Vikipishana, goli limepinda, hata kama kwa macho unaliona limenyooka.

Hatua ya 2: Litikise. Goli la kuhamishika lisilofungwa ardhini linaweza kumwangukia mtoto anayening'inia na kumuua. Likiyumba, mechi haianzi. Hapa sikubali kubembelezwa na mtu yeyote.

Hatua ya 3: Angalia mstari. Uwe na unene sawa na wa nguzo, usizidi sentimita 12.

Hatua ya 4: Fanya jaribio la mpira. Hili nawataka wote walifanye kwa mikono yao. Weka mpira nyuma ya mstari, sehemu inayogusa nyasi iwe sentimita 5 hivi kupita ukingo wa nyuma. Ukisimama pembeni ya uwanja utaapa kwamba umeingia. Sasa sogea, simama usawa wa mstari, uinamie mpira kwa juu: tumbo lake bado limeufunika mstari. Si bao. Mpira wa soka una nusu kipenyo ya takriban sentimita 11, kwa hiyo ukiwa chini lazima pale unapogusa nyasi pawe zaidi ya hapo kutoka ukingo wa nyuma. Mpira mzima uvuke, juu au chini.

Mwaka 2010, kwenye Kombe la Dunia Afrika Kusini, mkwaju wa Frank Lampard dhidi ya Ujerumani uligonga mtambaa panya, ukadunda ndani kabisa ya mstari, ukarudi nje. Bao likakataliwa. Kombe la 2014 likachezwa kwa teknolojia ya mstari wa goli. Kama uwanja wako hauna kamera, kimbia ufike usawa wa mstari.

Hatua ya 5: Ukihamia mchezo mwingine, uliza upya "mpira upite wapi?" Kwenye mpira wa mikono goli ni mita 3 kwa 2, na mpira mzima lazima uvuke kama kwenye soka. Kwenye hoki kuvuka hakutoshi: mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya duara la kufungia. Netiboli ina wafungaji wawili tu, GS (Goal Shooter) na GA (Goal Attack), nao warushe wakiwa ndani ya nusu duara.

Raga ndiyo huwachanganya watu wa soka, kwa kuwa mkwaju hupita juu ya mwamba wa mlalo, ulio mita 3 kutoka ardhini. Trai, yaani kuugusisha mpira chini ndani ya eneo la goli la wapinzani, ni pointi 5, mkwaju unaoifuata 2, penalti 3. Mpira ukiruka juu kuliko ncha za nguzo, chukulia nguzo zimeendelea hadi mawinguni, na uamue kutoka chini yake, si kutoka pembeni. Upepo ukiurudisha baada ya kuvuka, pointi zinabaki.

Hatua ya 6: Kubaliana na mtunza muda. Kwenye kikapu, mpira ukiondoka mkononi kabla ya king'ora, ukaingia baadaye, unahesabiwa. Kwenye mpira wa mikono, king'ora kikilia kabla mpira haujavuka wote, hakuna bao. Mwambie mtunza muda hili kabla hajakaa mezani, na mwoneshe mahali utakaposimama dakika ya mwisho.