Kabla hujakata tangi la oili la skrepa

Fundi aliyezoea Boxer na TVS ukimwambia unatafuta tangi la oili atakushangaa, maana pikipiki hizo oili yake inakaa chini, ndani ya injini yenyewe. Triumph za zamani za cc 650, pikipiki za Kiingereza, haziko hivyo. Oili inakaa kwenye tangi la pembeni, chini ya kiti upande wa kulia. Inashuka kwa mpira hadi kwenye pampu, inalainisha injini, kisha upande wa pili wa pampu unaifyonza chini ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kuirudisha juu tangini. Ilikuwa hivyo mpaka toleo la 1971, oili ilipohamishiwa ndani ya fremu. Kwa hiyo anayejenga choppa, yaani pikipiki iliyokatwa na kuundwa upya kwa mtindo wake, kwa injini ya kabla ya hapo lazima atafute tangi, na mara nyingi analipata kwenye vyuma chakavu.

Wengi huanza na umbo: litakaaje, lipakwe rangi gani. Anza na tumbo lake. Uliza lilitoka kwenye injini ya namna gani, na injini hiyo ilikufaje. Kama ilisaga beringi, vumbi la chuma bado limo, limejificha kwenye maungio na nyuma ya vibati vya ndani. Litikise karibu na sikio. Funga kitambaa cheupe kwenye waya, kipitishe kila kona unayoifikia, kisha kitazame juani. Tope jeusi tu linasafishika kwa mafuta ya taa, mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Kitambaa kikimeta kwa vumbi la chuma, fikiria upya, au kubali kupasua tangi ulisafishe likiwa wazi. Sababu ni hii: Triumph hizo zilitoka kiwandani na vyujio vya wavu tu, na punje inayopenya wavu inakutana na pampu kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana usipige mchanga wa kompresa ndani ya tangi, na usimimine dawa ile ya kuziba matangi ya petroli. Ikibanduka vipande, vinakwenda kuziba tundu la kutolea oili.

Ujazo usiupunguze kwa ajili ya urembo. La kiwandani lilichukua takriban lita 2.8, na oili hiyo ndiyo inayobeba sehemu ya joto la injini. Tangi dogo linapendeza kwenye picha, lakini oili inazunguka haraka bila kupata muda wa kupoa wala povu lake kutulia. Juu ya oili acha nafasi ya hewa, kama sentimita 4.

Kabla ya grenda, tengeneza tangi la boksi. Kata katoni, libandike kwa gundi, liweke mahali pake huku tairi, betri na ekzosi vikiwa vimefungwa. Sogeza gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa urefu wote wa kurekebishia cheni. Hapo ndipo utagundua kwamba ulichopima jana kinagusa tairi. Hakikisha pia tundu la kutolea oili liko juu kuliko pampu, kwani oili inashuka kwa uzito wake wenyewe.

Hesabu mabomba. La kutolea liingie ndani kidogo, lisikae sakafuni kabisa ambako tope linatulia. La kurudishia litokee juu, karibu na mfuniko, ili ukifungua uione oili ikirudi. La kupumulia lisisahaulike. Kuna na kijibomba chembamba kinachochipuka kwenye la kurudishia, kinachopeleka oili juu ya kichwa cha injini. Watu hukikata wakidhani ni takataka, na roka, vyuma vinavyosukuma vali, zinakauka. Tredi za Kiingereza nazo hazikubali bolti ya milimita, kwa hiyo vizibo na viungio vyake vipate kabla ya kuchomelea.

Kuchomelea ndiko kunakoua. Tangi lililokaa na oili au kusafishwa kwa petroli linabaki na mvuke unaolipuka, hata likionekana kavu. Lioshe kwa maji moto na sabuni kali, liache wazi, kisha lijaze maji hadi chini kidogo ya unapochomelea, au lijaze gesi ya agoni, na mfuniko usiwepo. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini usiiguse kabisa: moto wa welding huigeuza fosijeni, gesi ya sumu. Kama fundi anakuambia hayo ni mambo ya vitabuni, tafuta mwingine.

Usichomelee tangi moja kwa moja kwenye fremu. Pistoni mbili za Triumph hupanda na kushuka pamoja, na mtetemo wake hupasua bati palipobanwa bila mpira. Shikilia sehemu tatu, zote kwa bushi za mpira.

Kisha jaribu kwa hewa kidogo tu, kwa pampu ya baiskeli, huku umepaka povu la sabuni kwenye maungio. Kompresa italitunisha.

Siku ya kuwasha, jaza mpira wa kutolea oili kabla ya kuufunga, toa plagi za moto na piga kiki mpaka oili ionekane ikirudi. Ikiwaka, chungulia mfunikoni. Inayorudi itatoka kwa kukatakata ikichanganyika na hewa, na hilo ni sawa, kwa sababu upande wa kufyonza una nguvu kuliko wa kupeleka. Isiporudi, zima papo hapo. Wengine hufunga koki ili oili isishuke kwenye krenki pikipiki ikilala. Mimi siishauri, labda iwe imeunganishwa na swichi ya moto, maana siku utakayosahau kuifungua injini itazunguka kavu. Baada ya mzunguko mfupi wa kwanza, mwaga oili yote ikiwa ya moto, fungua vyujio vyote viwili, cha tangini na cha chini ya krenki, na kagua kilichonaswa.