Kuvunja Mkataba wa Huduma Kabla ya Muda Bila Kuchafua Rekodi ya Mikopo

Kuvunja mkataba wa simu, intaneti au klabu ya mazoezi hakuharibu rekodi ya mikopo kwa kuvunja tu. Kinachoharibu ni pesa zinazobaki nyuma: ankara ya mwisho iliyotumwa kwenye anwani uliyokwisha kuhama, ada ya kuvunja mkataba uliyogoma kulipa, ruta iliyosahaulika juu ya kabati. Deni lisipolipwa, kampuni hulikabidhi au kuliuza kwa wakusanya madeni, na mara nyingi hapo ndipo jina lako linapofikishwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, zile zinazotunza rekodi ya jinsi kila mtu anavyolipa madeni yake. Kuna pia nchi, Uingereza ikiwemo, ambako mkataba wa simu wenyewe huripotiwa mwezi kwa mwezi kama mkopo, kwa hiyo huko hata malipo moja yaliyochelewa huweza kuonekana.

Anza na mkataba wenyewe. Tafuta kipindi cha lazima kinaisha lini, notisi ni ya siku ngapi, na ada ya kuvunja inakokotolewa vipi. Kisha angalia kama simu au kifaa ulichopewa kiko kwenye mkataba wake wa malipo ya awamu. Kikiwa nao, kufunga huduma hakufungi deni la kifaa; mara nyingi salio lote hudaiwa kwa mkupuo. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, kwa kuwa waliona ankara moja wakadhani deni ni moja.

Piga hesabu mwenyewe kabla kampuni haijakupigia. Tuseme mkataba ni wa miezi 24, unalipa 50 kwa mwezi, notisi ni mwezi mmoja, na ada ni malipo ya miezi iliyobaki. Ukitoa notisi mwishoni mwa mwezi wa 17, mwezi wa 18 ni wa notisi na unaulipia kama kawaida: 50. Iliyobaki ni miezi 6, yaani 300. Jumla ni 350. Ukiletewa 400, mwezi wa notisi umehesabiwa mara mbili, na hilo libishie mapema.

Kabla ya kukubali ada, uliza kama unaweza kushuka kwenye kifurushi cha chini au kumhamishia mtu mwingine mkataba. Kama kampuni imepandisha bei katikati ya mkataba, soma kifungu cha mabadiliko ya bei. Baadhi ya mikataba hukuruhusu kutoka bure, ila ndani ya siku chache tu tangu upewe taarifa. Na kama mkataba ni mpya, ulizia siku za kughairi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mkataba uliofungwa kwa simu au mtandaoni kwa kawaida una siku 14.

Notisi itoe kwa maandishi, hata kama umeshaongea na huduma kwa wateja. Taja namba ya akaunti, tarehe unayotaka huduma ikome na anwani ya kutumiwa ankara ya mwisho, na omba jibu la kuthibitisha. Vifaa virudishe vyote pamoja na chaja na nyaya zake. Kabla ya kuvifunga, piga picha namba ya utambulisho iliyo chini ya kila kimoja, na usiondoke bila risiti yenye namba hiyohiyo. Risiti iliyoandikwa “kifaa kimoja” tu haina nguvu siku ukiambiwa hukurudisha kitu.

Makato ya moja kwa moja benki usiyasimamishe mapema. Ukiyakata siku ileile ya notisi, ankara ya mwisho itagonga ukuta, na ucheleweshaji utaanza kuhesabika wakati wewe unajua umeshamaliza. Yaache mpaka ankara hiyo ilipwe, uthibitishe salio ni sifuri, ndipo uyafute. Omba barua ya kufungwa kwa akaunti.

Usipokubaliana na kiasi, lipa sehemu isiyo na ubishi na upinge iliyobaki kwa maandishi, ukiambatanisha hesabu yako. Kukaa kimya ndiyo njia mbaya kuliko zote. Wakikupunguzia deni, kabla ya kutoa hata senti pata maandishi yanayosema salio limefutwa na litaripotiwaje: “limelipwa lote” na “limemalizwa kwa malipo pungufu” ni vitu viwili tofauti machoni pa mkopeshaji.

Jambo jingine ni kampuni mpya unayohamia: huenda ikakagua rekodi yako. Ukituma maombi kwa kampuni nne ndani ya wiki moja, ukaguzi huo unaweza kuacha alama nne. Chagua kwanza, omba baadaye.

Baada ya miezi miwili au mitatu, chukua ripoti yako. Ukikuta deni ambalo si halali, peleka pingamizi kwa taasisi ya taarifa za mikopo na kwa kampuni iliyoripoti, pamoja na barua ya kufungwa na risiti ya vifaa. Marekani uchunguzi kwa kawaida hutakiwa kuisha ndani ya siku 30. Likiwa halali, lilipe, lakini usitarajie lifutike: kwa kawaida huandikwa tu kwamba limelipwa, na huweza kubaki hadi miaka 7 Marekani au 6 Uingereza. Nyaraka zako nazo zitunze kwa muda huohuo, kwa sababu deni lililouzwa huweza kuibuka tena mikononi mwa mkusanyaji mwingine.