Gari la zamani usiliache lifie uani, litunze kama kiwanda

Watu wanauliza eti viwanda vinaweka magari yao ya zamani? Vinaweka sana tu, Nissan wana ghala Zama huko Japani limejaa matoleo yao ya nyuma na mengi bado yanatembea, Mercedes-Benz nao wana makumbusho Stuttgart. Sasa wewe una Land Cruiser 40 ya mzee hapo Uyole, Mbeya, fanya hivi.

Kwanza osha chini, sio bodi tu. Tope la Tukuyu likiganda kwenye chesisi linakaa na unyevu na kutu inakula kimya kimya, kwahiyo chokonoa mpaka kwenye kona za madigadi, likauke juani ndo upake grisi au oili chafu. Tenki jaza full, likibaki nusu na baridi hii ya usiku maji yanajitengeneza ndani. Kwenye rejeta weka kulanti (dawa ya kupoza injini isiyoganda kirahisi), achana na maji ya bomba, hasa mlioko Makete na Njombe kunakoanguka barafu.

Hendibreki usivute, breki zitang'ang'ania, weka mawe kwenye matairi. Toa teminali ya betri. Turubai la nailoni hapana jamani, linafungia unyevu, bora shuka la pamba ndani ya banda. Na panya! Wanapenda waya kuliko mahindi, usiweke magunia karibu.

Kila baada ya wiki mbili rudisha betri, washa, litembeze mpaka injini ipate moto vizuri, kuwasha dakika mbili na kuzima ni kuliumiza tu. Spea msikate tamaa, Toyota walitangaza 2021 kwamba wanarudia kutengeneza baadhi za hiyo 40.